UZI: Nadharia ya muziki kwa wanaoanza. Nusu toni, skeli, intavali, kodi na taimu (wenye maswali karibuni)

FundiNoti · #1

Habari wakuu. Uzi huu ni wa wanafunzi wanaokariri majina ya kii (skeli ambayo wimbo umejengwa juu yake) na kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kama sala bila kujua yametoka wapi. Karibu kila kosa la nadharia ya mwanzo linatokana na kuhesabu vibaya, kwa hiyo tuanze na kuhesabu.

Kipimo kidogo kuliko vyote kwenye kinanda ni nusu toni: kutoka kitufe kimoja hadi kile kinachokifuata kabisa, kiwe cheupe au cheusi. Nusu toni mbili ni toni nzima. Ukianza C ukapanda nusu toni 12 unafika C nyingine, na umbali huo ni oktavi. Vitufe vyeupe ni C D E F G A B. Kati ya E na F hakuna cheusi, kati ya B na C pia hakuna. Sehemu hizo mbili ni nusu toni, zilizobaki zote ni toni nzima. Asiyelijua hili kwa usingizi atakosea kila kitu kinachofuata.

Skeli ni ngazi ya noti kutoka noti moja hadi oktavi yake. Skeli meja ni mpangilio huu wa nusu toni: 2 2 1 2 2 2 1. Anza D:

D (2) E (2) F♯ (1) G (2) A (2) B (2) C♯ (1) D

Shapu (♯) inapandisha noti nusu toni, flati (♭) inaishusha nusu toni, nachuro (♮) inafuta zote mbili. Ukianza E♭ unapata E♭ F G A♭ B♭ C D E♭. Hakuna cha kukariri hapo, fomula imetembea tu.

Kijiti_cha_Kwaya · #2

Mkuu, kwenye D meja kwa nini uandike F♯ na si G♭? Si kitufe kilekile?

FundiNoti · #3

Kitufe ni kilekile, jina si lilelile. Skeli meja lazima itumie kila herufi mara moja, hakuna kuruka wala kurudia. Ukiandika D E G♭ G A B D♭ umeikosa F, umeikosa C, na una G mbili na D mbili. Kwenye stafu (mistari mitano ya kuandikia noti) inakuwa balaa zaidi: G♭ na G zinakaa mstari uleule, kwa hiyo kila zikipishana lazima uweke flati, kisha nachuro, kisha flati tena. F♯ ina nafasi yake, shapu inaandikwa mara moja mwanzoni na kazi imeisha.

Ndiyo sababu F♯ meja ina E♯, ambayo kwenye kinanda ni F ya kawaida. Wanafunzi wengi huona hiyo ni kujitesa, lakini B, C♯, D♯, E♯ ni herufi nne zinazofuatana. Ukiiita F, herufi E imepotea.

Nusu_Toni_Tu · #4

Niongezee alama za kii (shapu au flati zinazoandikwa mwanzoni mwa stafu), kwa sababu hapo ndipo watu hupoteza maksi za bure.

Shapu huandikwa kwa mpangilio huu daima: F C G D A E B. Flati ni uleule kinyumenyume: B E A D G C F. Kii yenye shapu mbili ina F♯ na C♯, haiwezi kuwa na F♯ na G♯.

Kuitambua kii meja:
– Shapu: ya mwisho ni *ti*. Panda nusu toni, umeipata *do*. Shapu tatu (F C G): G♯ ni ti, do ni A.
– Flati: ya pili kutoka mwisho ndiyo do yenyewe. Flati nne (B E A D): do ni A♭. Yenye flati moja haina "ya pili kutoka mwisho", ikariri tu kuwa ni F.

Kosa la kawaida ni kuona shapu tatu na kuandika "G♯ meja" kwa kuwa ndiyo ya mwisho. Ya mwisho ni ti, si do.

mwanga_wa_solfa · #5

Na maina je, ile skeli nyingine yenye mpangilio wake? Alama za kii hazisemi kama ni meja au maina.

Nusu_Toni_Tu · #6

Kweli, hazisemi. Kila alama inabeba kii mbili. Shuka nusu toni tatu kutoka do ya meja, utaikuta maina yake: C meja na A maina, E♭ meja na C maina, A meja na F♯ maina.

Kuzitofautisha angalia vitu viwili. Kwanza, noti ya mwisho ya besi. Mara nyingi ndiyo makao. Pili, tafuta noti ya saba ya maina iliyopandishwa. Kipande kisicho na alama yoyote mwanzoni lakini G♯ inajitokeza kila mara kinakuelekeza A maina.

Kwa nini inapandishwa? Maina ya asili ni 2 1 2 2 1 2 2. Kwenye A: A B C D E F G A. G hadi A ni toni nzima, kwa hiyo haina ile hamu ya kurudi nyumbani. Ukiweka G♯ unapata maina ya hamoni, na kodi ya tano inakuwa meja (E G♯ B). Gharama yake ni pengo la nusu toni tatu kati ya F na G♯, ambalo ni gumu kuimba. Wanaopanda nalo kwa sauti hupandisha na F pia (A B C D E F♯ G♯ A), na wakishuka wanarudi kwenye asili. Hiyo ndiyo maina ya melodi. Skeli tatu, kii moja. Usizihesabu kama kii tatu.

BesiNzito · #7

Hapa ndipo mimi hukazia: intavali, yaani umbali kati ya noti mbili. Ina hesabu mbili tofauti, na watu huzichanganya.

1) Jina la namba: hesabu herufi, na ya kuanzia ikiwemo. C hadi E: C, D, E = ya tatu.
2) Aina: hesabu nusu toni, ya kuanzia haimo. C hadi E: C♯, D, D♯, E = 4.

Nusu toni 4 na jina la tatu: ni *ya tatu meja*. Nusu toni 3 na jina la tatu: *ya tatu maina*. Anayehesabu nusu toni kwa kuanzia "C ni moja" hupata 5 na kuandika jibu la ovyo. Nusu ya makosa ya intavali ni hilo moja tu.

Orodha: 1 ya pili maina, 2 ya pili meja, 3 ya tatu maina, 4 ya tatu meja, 5 ya nne kamili, 6 tritoni, 7 ya tano kamili, 8 ya sita maina, 9 ya sita meja, 10 ya saba maina, 11 ya saba meja, 12 oktavi.

Herufi ndizo zinazoamua jina. C hadi D♯ ni nusu toni 3, na C hadi E♭ pia ni 3. Ya kwanza ni *ya pili iliyoongezwa*, ya pili ni *ya tatu maina*. Zinasikika sawa kwenye kinanda, lakini D♯ kwa kawaida inataka kupanda E, na E♭ inataka kushuka D. Jina linamwambia msomaji mwelekeo.

Njia ya mkato ya kuhakiki: ukiigeuza intavali (ya chini ukaipandisha oktavi), namba zake zinajumlika kuwa 9 na nusu toni zinajumlika kuwa 12. Ya tatu meja (4) ikigeuzwa ni ya sita maina (8). Meja hugeuka maina, kamili hubaki kamili.

Kijiti_cha_Kwaya · #8

Hiyo ya kuhesabu mbili imenifungua macho. Sasa sisi tunaosoma do re mi, hii yote inatuhusu?

mwanga_wa_solfa · #9

Inawahusu sana, tena ninyi mna kirahisi chenu. Silabi zenyewe ni za zamani: Guido wa Arezzo, karne ya 11, alitumia ut re mi fa sol la. Mfumo wa herufi d r m f s l t mnaousoma ulianzishwa na Sarah Glover nchini Uingereza, kisha John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19. *Si* ilibadilishwa kuwa *ti* ili isigongane na *so* kwenye herufi ya mwanzo.

Humo do inahama. Kii ikiwa D, do ni D; ikiwa A♭, do ni A♭. Kwa hiyo mpangilio wa 2 2 1 2 2 2 1 umo ndani ya silabi tayari: mi–fa na ti–do ni nusu toni, basi. Ufaransa na Italia do haihami, ni C siku zote. Ukichukua kitabu cha huko ukakisoma kwa do inayohama utaimba kii nyingine kabisa. Na kwenye nota za Ujerumani, H ni B yetu, na B yao ni B♭ yetu. Msicheke, imeshaharibu mazoezi ya watu.

Alama za mapigo kwenye solfa:

| d :r | m :f || – mapigo manne, kila noti pigo moja
| d :– | m :f || – d inashikiliwa mapigo mawili
| d.r :m.f | s :– || – nukta inagawa pigo nusu kwa nusu
| d :r :m || – mapigo matatu

Nafasi tupu baada ya koloni ni kimya. Kistari ni kuendeleza. Hizi mbili zinachanganywa kila siku: mtu anaacha nafasi tupu akidhani sauti itaendelea, na kwaya nzima inakata pumzi.

Noti iliyopandishwa inachukua "e": fa inakuwa *fe*, so inakuwa *se*. Iliyoshushwa inachukua "a": ti inakuwa *ta*, mi inakuwa *ma*. *Fe* ikitokea mfululizo na muziki unatua kwenye so, kii inahamia ile ya tano. *Ta* ikitawala na muziki unatua kwenye fa, inahamia ile ya nne.

Pigo_kwa_Pigo · #10

Naleta taimu, maana melodi bila mapigo ni nusu ya kazi.

Pigo likiwa robo: noti nzima = mapigo 4, nusu = 2, robo = 1, ya nane = ½, ya kumi na sita = ¼. Nukta pembeni ya noti inaongeza nusu ya thamani yake: nusu yenye nukta = 3, robo yenye nukta = 1½. Nukta ya pili inaongeza nusu ya nukta ya kwanza, si nusu ya noti: nusu yenye nukta mbili = 2 + 1 + ½ = 3½.

Vimya viwili vinavyofanana: cha noti nzima *kinaning'inia* chini ya mstari wa nne, cha nusu *kinakalia* mstari wa tatu. Cha noti nzima kina ujanja mwingine: kinajaza kipimo chote (nafasi kati ya mistari miwili ya wima) hata kama ni 3/4. Usikihesabu 4 hapo.

Sasa lile la milele, 3/4 na 6/8 (namba ya juu ni idadi ya noti kwenye kipimo, ya chini ni aina yake: 4 ni robo, 8 ni ya nane). Zote zina noti za nane sita kwenye kipimo, ndiyo maana mtu huuliza tofauti iko wapi. Iko kwenye kugawa:

3/4: moja-na, mbili-na, tatu-na (mafungu 3 ya mbilimbili)
6/8: MOJA-mbili-tatu, NNE-tano-sita (mafungu 2 ya tatutatu)

6/8 ina mapigo mawili, kila moja ni robo yenye nukta. Namba ya juu kwenye 6/8, 9/8 na 12/8 igawe kwa 3 ndipo uyapate mapigo. Ukiandika 6/8 kwa kuunganisha noti za nane mbilimbili, msomaji ataipiga 3/4 na hutakuwa na haki ya kumlaumu.

BesiNzito · #11

Na metronomu (kifaa kinachogonga mapigo kwa kasi unayoweka) hapo inaua watu. Nota inasema robo yenye nukta = 60, mtu anaweka 60 kwa kila noti ya nane. Anacheza polepole mara tatu. Kama metronomu yako inapiga noti za nane, weka 180.

Pigo_kwa_Pigo · #12

Sahihi kabisa. Na hesabu ya muda ni rahisi: vipimo 16 vya 4/4 ni mapigo 64. Kwa kasi ya 80 kwa dakika, 64 ÷ 80 × 60 = sekunde 48. Inasaidia sana ukipanga muziki wa kuingia na kutoka.

FundiNoti · #13

Twende kwenye kodi (ya muziki, ya nyumba mtajua wenyewe). Kodi ya msingi ni noti tatu zilizorukana: mzizi, ya tatu, ya tano. Kwa nusu toni:

Meja 4+3 (C E G)
Maina 3+4 (C E♭ G)
Punguvu 3+3 (C E♭ G♭)
Iliyoongezwa 4+4 (C E G♯)

Jenga kodi juu ya kila noti ya skeli meja bila kuongeza shapu wala flati na utapata mpangilio usiobadilika katika kii yoyote: I, IV, V ni meja, ii, iii, vi ni maina, vii ni punguvu. Namba hizi za Kirumi zinahesabu noti za skeli: herufi kubwa meja, ndogo maina au punguvu.

Faida yake ni kuhamisha kii. Wimbo una G, C, D, Em (m ni maina) kwenye kii ya G. Usihamishe herufi kwa kubahatisha, ziandike kwanza I, IV, V, vi. Kwenye E♭ zinakuwa E♭, A♭, B♭, Cm. Zote zimeshuka nusu toni 4. Moja ikishuka 3 au 5 ujue umekosea.

Kodi ya V7 (V iliyoongezewa noti ya saba juu ya mzizi wake) ni 4+3+3. Kwenye C: G B D F. Nguvu yake imo kwenye tritoni B–F: B inapanda C, F inashuka E. Ukiiacha F ikapanda G na B ikashuka A, umeipoteza maana ya kuiweka.

Tarumbeta_B · #14

Kwa kuhamisha kii, wapuliziaji wasisahaulike. Tarumbeta ya B♭ ikisoma C inatoa B♭, kwa hiyo mwandikie toni nzima juu ya kinachotakiwa kusikika. Saksofoni alto ni ya E♭: andika ya sita meja juu. Kinanda kikiwa C meja, tarumbeta inasoma D meja (shapu 2), alto inasoma A meja (shapu 3). Kosa la kawaida ni kubadilisha noti na kusahau kubadilisha alama za kii. Gitaa nalo linasikika oktavi moja chini ya linavyoandikwa, ila jina la noti halibadiliki, kwa hiyo wengi hawajui hata kama linahama.

Kijiti_cha_Kwaya · #15

Sauti nne: nikipanga IV kwenda V nasikia kitu kinakauka. Noti zote ziko sahihi.

BesiNzito · #16

Umezipandisha sauti zote pamoja. Kwenye C: besi F, juu yake F A C, ukahamia besi G na G B D. F–C imekwenda G–D, ya tano sambamba, na F–F imekwenda G–G, oktavi sambamba. Sauti mbili zikienda hivyo masikio huzisikia kama moja, ndio huo ukavu.

Dawa ni mwendo wa kinyume: besi ipande F hadi G, za juu zishuke: C→B, A→G, F→D. Hakikisha pia huirudii ti katika sauti mbili za V, maana zote mbili zitataka kupanda do na utatengeneza oktavi sambamba nyingine.

Mipaka salama ya kwaya ya kawaida (C4 ni C ya kati): soprano C4–G5, alto G3–D5, tena (sauti ya juu ya wanaume) C3–G4, besi E2–C4. Kati ya soprano na alto, na kati ya alto na tena, usizidishe oktavi. Tena na besi ruksa. Na tena akiandikiwa klefu ya G (alama ya mwanzo wa stafu) yenye namba 8 chini, anaimba oktavi chini ya inavyoonekana.

mwanga_wa_solfa · #17

Swali la pembeni: kwaya isiyo na kinanda ikianza vizuri na kumaliza chini, ni wavivu au kuna nadharia?

Nusu_Toni_Tu · #18

Mara nyingi ni pumzi na kushuka hatua kubwa mno, lakini nadharia ipo, na ni tamu.

Kinanda kimegawa oktavi sehemu 12 sawa. Kila nusu toni ni senti 100, na A4 ni 440 Hz. Sikio hupenda uwiano wa mitetemo wenye namba ndogo: ya tano 3:2, ya tatu meja 5:4. Ya tano safi ni senti 702, kinanda kinakupa 700, hakuna atakayelalamika. Ya tatu meja safi ni senti 386, kinanda kinatoa 400. Kwa hiyo kwaya inayosikilizana vizuri huimba ya tatu ya kodi meja chini kidogo ya kinanda, na kodi inang'aa. Kinanda kikirudi ghafla wanaonekana wamekosea.

Shida inakuja kwenye mzunguko. I–vi–ii–V–I ikiimbwa kwa uwiano safi kabisa, huku noti zinazofanana kati ya kodi na kodi zikishikiliwa bila kusogea, do inatua senti 21.5 chini ya ilipoanzia. Zunguka mara nne, umeshuka 86, karibu nusu toni. Waimbaji wazuri husahihisha njiani bila kujua. Zoezi: mwimbaji mmoja ashike do kwa kuguna mzunguko mzima, wengine waimbe juu yake. Itakapoanza kukwaruza ndipo mnaposhukia.

FundiNoti · #19

Zoezi la wanafunzi: kipande kina flati tatu mwanzoni, besi inamalizia C, na B nachuro inajitokeza mara kwa mara. Kii ni ipi, na V7 yake ina noti zipi?

Kijiti_cha_Kwaya · #20

Flati B E A, ya pili kutoka mwisho ni E. Kwa hiyo E♭ meja?

mwanga_wa_solfa · #21

Besi inamalizia C. Shuka nusu toni tatu kutoka E♭: D, D♭, C. C maina.

Kijiti_cha_Kwaya · #22

Aaah, sawa. C maina. V7: G B♭ D F.

FundiNoti · #23

Kii umeipata. Kodi ihesabu upya: G hadi B♭ ni nusu toni 3, na V7 ni 4+3+3. Ile B nachuro niliyoitaja ndiyo ti. Ni G B D F, sawasawa na ya C meja, ila safari hii F inashuka E♭.